Namna ya kumpima binti anayetaka mbio za magari

Kila msimu wa korosho ukimalizika na pesa kidogo zikiwa mkononi, wazazi wawili watatu hunifuata nyumbani Chikongola na swali lile lile: "Mama Fuso, huyu mwanangu anasema anataka mbio za magari. Anaziweza, au tunapoteza hela?"

Jina hilo la Fuso nimelipata kwa jasho. Nimeendesha Fuso miaka 11, nikibeba korosho kutoka Tandahimba na Newala kuja kwenye maghala ya Mtwara mjini, enzi ambazo sehemu kubwa ya njia ile ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Sasa kwa mwaka wa 6 nawapima vijana, wasichana kwa wavulana, Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Mengi nimeyajua baada ya kukosea, na kosa moja lilimwangukia mtoto wa mtu. Naandika kwa mzazi, mjomba au shangazi mwenye binti wa miaka 18 kwenda juu, mwenye leseni, anayestahili jibu la kweli.

Swali la kama mwanamke anaweza liweke pembeni, limeshajibiwa zamani. Susan Muwonge wa Uganda alichukua ubingwa wa taifa wa mbio za magari mwaka 2011. Michèle Mouton wa Ufaransa, akiwa na Audi Quattro, mwaka 1982 kwenye ubingwa wa dunia wa rali alishinda Ureno, Ugiriki na Brazil, akamaliza wa pili duniani nyuma ya Walter Röhrl. Mwaka uliofuata alikuja Kenya kwenye Safari Rally akashika nafasi ya 3. Kinachokuhusu wewe ni binti wako huyu mmoja.

Usimpimie barabarani. Njia ya kwenda Mingoyo ina watoto wa shule, baiskeli, mbuzi na bodaboda zinazochomoka kichochoroni. Tafuta eneo la wazi. Mimi natumia shamba la zamani upande wa Nanguruwe, ardhi ya mchanga mwekundu. Mwenye shamba karidhia na mwenyekiti wa kijiji ana taarifa. Napanga madumu ya lita 20 yaliyo matupu, maana dumu tupu likigongwa linaruka tu, lenye mchanga linavunja bampa. Mzunguko wangu una mita kama 600: kona ndefu ya wazi, kona kali ya kugeuka ulikotoka, nyoka ya madumu manne, na kipande kilichonyooka kinachoishia kwenye kona, ili dereva alazimike kuamua ni wapi akanyage breki. Watazamaji wasikae upande wa nje wa kona hata kama kivuli kiko huko, kwa sababu gari likiteleza linaelekea huko huko. Helmeti, mkanda, mtungi wa kuzimia moto, na gari la pili lenye dereva aliyekaa tayari kukimbia hospitali ya Ligula. Kikikosekana kimoja, naahirisha. Nimewahi kurudisha watu 9 nyumbani kwa ajili ya mtungi.

Gari liwe moja kwa wote. Nina Starlet kuukuu ya gia za mkono, upepo 28 tairi zote nne, petroli nusu tangi. Kijana akija na gari la baba yake lenye rimu za kung'aa, analiegesha chini ya mkorosho na kusubiri zamu ya Starlet kama wenzake. Ukimpima huyu kwenye Vitz na yule kwenye Subaru, umepima magari.

Sasa nifike kwenye zamu, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja binti wa miaka 19 kutoka Mikindani. Mama yake anauza samaki wa kukaanga. Watu walikuwa 7 siku hiyo, nikawaita kwa jinsi walivyofika, na yeye alifika mwisho kwa kuwa alimsaidia mama yake kukaanga kwanza. Kijana wa kwanza alizunguka saa mbili asubuhi. Binti akapanda gari saa saba mchana. Kila mzunguko akawa nyuma ya yule kijana kwa sekunde 2 na nusu. Nikamwambia mama yake, tena kwa sauti ya mtu anayejua anachosema: "Dada, huyu mpeleke cherehani." Neno lile linaniuma hadi leo.

Miezi 2 baadaye, siku nyingine ya majaribio, nilizunguka mimi wa kwanza ili kulipasha gari: sekunde 48.2. Baada ya vijana wote kumaliza, nikazunguka tena kwa sababu mmoja wao alisema Starlet imechoka. Nikapata 51.0. Dereva yule yule, gari lile lile, tofauti sekunde 2.8. Nikashuka, nikapiga magoti kwenye kona kali. Matairi yalikuwa yamechimba mifereji miwili, kina chake kiganja kizima. Mchanga ambao asubuhi ukiubonyeza kwa kidole unabaki na alama, sasa ulikuwa unapeperuka kama unga wa muhogo. Gurudumu la mbele likiingia kwenye mfereji halikubali tena kugeuka; unakata usukani na gari linaenda linakotaka lenyewe. Nikakaa pale chini na jua lote lile, nikihesabu. Binti wa Mikindani alipoteza sekunde 2 na nusu mahali ambapo mimi nilipoteza 2.8.

Kwenye mbio za dunia za barabara za changarawe mara nyingi mambo ni kinyume. Anayetangulia anafagia kokoto za juu, wa nyuma wanapata njia safi yenye mshiko, ndiyo maana anayeongoza ubingwa, akipangiwa kuanza wa kwanza, huumia siku za ukavu. Kwetu kwenye mchanga laini wa mwisho ndiye anayeumia. Kwa hiyo ijue ardhi yako kabla hujamjua dereva.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Kila mtu anazunguka mara 5, lakini kwa awamu: 2 za kwanza kwa orodha ya kushuka, 2 zinazofuata kwa orodha ya kupanda, na ya mwisho kwa kura. Mimi mwenyewe, au dereva mwingine mzoefu, tunazunguka mwanzo, katikati na mwisho, tukiendesha kwa namna ile ile. Muda wetu ndio kipimo cha njia. Nikianza na 48 na kumaliza na 50, najua njia imekula sekunde 2, na yeyote aliyeendesha mwishoni narudishia sekunde zake kabla ya kumlinganisha na wa asubuhi. Anayeshika stopuwachi anakaa ameipa njia mgongo, pembeni ya mtu anayepaza sauti gari likikata mstari, na kwenye karatasi anaandika namba, si jina. Asijue kama aliyepita ni msichana au mvulana. Tangu nianze utaratibu huu sijasikia tena mtu akisema "kwa msichana, amejitahidi."

Nilikwenda Mikindani. Nikakaa kwenye benchi la yule mama, moshi wa mafuta ukitupiga wote, nikamwambia: "Dada, mwanao nilimpima vibaya. Kosa ni langu." Akageuza samaki, akaniuliza: "Sasa anakuja lini?"

Alikuja. Hizi hapa namba zake na za kijana mmoja hodari tuliyempima naye siku hiyo, zikiwa zimesharekebishwa kwa kipimo cha njia. Kijana: 47.1, 51.3, 46.8, 52.0, 49.9. Binti: 49.0, 48.7, 48.4, 48.3, 48.1. Watu wote pale shambani walimshangilia kijana, na kweli mzunguko wa kasi kuliko yote ulikuwa wake. Jumlisha sasa. Kijana 247.1, binti 242.5. Mbio za rali hujumlisha muda wako wote, hazichagui mzunguko uliopendeza. Na tazama jambo la pili, ambalo mimi nalithamini zaidi: binti anashuka kila mara. Ana kitu anachojifunza kwenye kila kona na anakikumbuka akirudi. Kijana anabahatisha. Anaweza kufundishwa, na tunamfundisha, ila siku ile alikuwa anabahatisha.

Ukishamaliza kupima muda, nenda kwenye gari lenyewe. Mtu akishuka, sogeza kiganja karibu na rimu ya mbele bila kuigusa. Joto kali lenye harufu ya kuungua linakwambia anaburuza breki kona nzima. Angalia petroli aliyotumia. Danica Patrick wa Marekani alishinda Motegi, Japani, mwaka 2008 kwa kuwa alitunza mafuta yake wakati walio mbele yake ilibidi waingie kujaza. Ushindi wa kwanza wa mwanamke katika IndyCar, mbio kubwa za magari za Marekani. Kulitunza gari ni kipaji sawa na kukanyaga. Nidhamu nayo ihesabu. Dakar, zile mbio ndefu za jangwani, ya mwaka 2001 Jutta Kleinschmidt wa Ujerumani aliipata kwa tofauti ya dakika zisizofika 3 baada ya siku nyingi za mchanga, na mpinzani wake Jean-Louis Schlesser alikuwa amepigwa adhabu ya saa nzima kwa kuanza kabla ya wakati wake.

Kisha muulize: gari linasemaje? Hili swali usiliruke. Siku ile wavulana wanne waliniambia gari liko poa. Binti akasema, "Mama, nikikanyaga breki kwa nguvu linavuta kushoto, kidogo tu, halafu usukani unakuwa mwepesi." Tulipofungua, pistoni ya breki ya mbele kulia ilikuwa inaganda. Aliisikia kwa mikono.

Na akikwambia gari lina tatizo, mwamini kwanza, halafu kagua. Lella Lombardi wa Italia, mwanamke pekee aliyewahi kupata pointi kwenye Formula 1, nusu pointi kwa nafasi ya 6 Hispania mwaka 1975, alilalamika kuwa gari lake la March halitulii kwenye kona. Hakusikilizwa. Baadaye Ronnie Peterson, dereva mkubwa kweli, alipolipata gari lile akalalamika vile vile, ndipo likakaguliwa na kukutwa na ufa sehemu ya nyuma. Nikifikiria msimu ule wa Lombardi, na binti yangu wa samaki, naona ni kitu kimoja.

Kuhusu nguvu za mwili sitakawia. Usukani wenye pawa hauhitaji misuli ya mbeba magunia. Yapo magari ya mashindano yasiyo na pawa, Formula 2 kwa mfano, na huko shingo na mabega lazima vijengwe kwa mazoezi, iwe ni wa kike au wa kiume. Kwa Starlet ya Mtwara, mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani kutoka bombani hadi nyumbani ana nguvu za kutosha.

Jipe pia siku ya kumjaribu kiti cha kushoto, cha msoma ramani. Mpeleke njia ya Newala, wewe ukiendesha kwa mwendo wa sheria, yeye na daftari: kila kona aandike inakata upande gani, kali kiasi gani, na ni mita ngapi kufika inayofuata. Mkirudi akusomee maandishi yake kabla hujafika kila kona. Anayesoma kwa wakati, bila kuwahi sana wala kuchelewa, ana kichwa cha mbio. Mouton aliposhinda Sanremo mwaka 1981, mwanamke wa kwanza kushinda mbio za ubingwa wa dunia wa rali, kiti hicho alikikalia Fabrizia Pons.

Vitu nisivyovihesabu kabisa: vumbi analotimua, mlio wa injini, ukoo wenye magari, na sifa ya "anaendesha kama mwanaume." Nikiisikia hiyo kwa msaidizi wangu namnyang'anya stopuwachi.

Mkiridhika baada ya majaribio matatu, si moja, mtafuteni AAT, chama cha magari cha Tanzania ambacho ni mwanachama wa FIA, shirikisho la magari la dunia, muulize leseni ya mashindano na masharti ya gari kabla hamjanunua hata nati. Nendeni na karatasi yenye tarehe, hali ya mchanga, upepo wa tairi, nani alitangulia, muda wa dereva wa kipimo na saini za watu wawili walioshuhudia. Toa nakala mbili. Moja ikae kwako, na nyingine mpe binti mwenyewe mkononi, usimpe baba yake amtunzie.