Somo: tofu ya soya kwenye babula (jiko la makaa), kwa ndimu

Jambo wapendwa. Tangu nilete ile sahani ya tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukandamizwa, kwenye mkutano wetu, mama wengi wameniomba niandike njia yote hatua kwa hatua. Naandika nilivyofanya mwenyewe hapa Bukavu, kwa makala (makaa) na vyombo vya nyumba ya kawaida.

Kwetu soya tuliijua kwa uji. Mtoto akikonda, mama anaambiwa amtafutie masoso, ule unga wa mahindi, mtama na soya. Nimekua nikiamini soya ni chakula cha watoto wagonjwa. Nilibadili mawazo mwaka niliofuata mafunzo ya upishi parokiani, upande wa Ibanda. Mwalimu alitupikia tofu kwa poro (kitunguu cha majani) na tomati, akaiweka mezani karibu na bugali (ugali) na lengalenga (mchicha), akatuambia tusiitafute ladha ya nyama. Haifanani na nyama. Inanyonya mchuzi, na mchuzi ukiwa mzuri, tofu ni nzuri. Na inashibisha: soya kavu ina protini kati ya asilimia 35 na 40, maharagwe yana kama 22.

Tayarisha: nusu kilo ya soya ya njano, maji lita 4, ndimu 5 au 6 zenye maji mengi, kitambaa cheupe cha pamba, sufuria kubwa, mwiko mrefu.

Hatua ya 1. Kuloweka. Chagua, osha, loweka usiku kucha. Usiku wetu ni wa baridi, kwa hiyo mimi nahesabu saa 12. Pasua punje moja: ikiwa katikati bado kuna kishimo, ngoja.

Hatua ya 2. Kusaga. Umeme ukiwapo natumia brenda, usipokuwapo natwanga kwenye kinu hadi iwe laini kabisa. Katika zile lita 4, tumia maji yanayochemka kusagia. Soya ikisagwa kwa maji baridi inatoa harufu ya majani mabichi, na harufu hiyo ndiyo inayowakimbiza watu.

Hatua ya 3. Kukamua. Mimina kwenye kitambaa, kamua kwa nguvu zako zote. Usitupe machicha.

Hatua ya 4. Kuchemsha. Hapa tutulie. Maziwa ya soya yanadanganya: kabla hayajachemka yanapanda povu kubwa, mtu anafikiri tayari, anaepua. Bado ni mabichi. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, na moto ndio unaovipunguza. Povu likipanda, punguza makala, nyunyiza maji baridi kidogo, koroga, endelea. Sufuria isijae kupita nusu.

Halafu kuna jambo ambalo mapishi ya mbali hayakuambii. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndiyo maana maharagwe yetu yanakula makala mengi. Wengine wanaandika dakika 10. Mimi, tangu yaanze kuchemka kweli, nayaacha dakika 20 kwa moto mdogo. Na mwiko usitoke chini ya sufuria. Mara ya kwanza niliuacha niende kumfungulia mgeni mlango, chini kukaungua, na harufu ya kuungua ikaingia katika tofu yote. Hakuna kiungo kinachoifuta.

Hatua ya 5. Kugandisha. Epua, ngoja dakika 5. Changanya maji ya ndimu, vijiko vikubwa 8 hadi 10, na glasi moja ya maji ya uvuguvugu. Mimina mara tatu, taratibu, kila mara ukikoroga duara moja au mawili tu, kisha simamisha mwiko. Mtu akikoroga sana anavunja mabonge. Funika dakika 15. Ukifunua, utaona mabonge meupe yametengana na maji ya rangi kama chai nyepesi ya mchaichai. Mimi hadi leo nafurahi kila ninapofunua hiyo sufuria.

Hatua ya 6. Mimina kwenye kitambaa, kunja, weka sahani na jiwe safi la kilo 2 juu yake, nusu saa au zaidi. Tumbukiza kwenye maji baridi ili ukali wa ndimu upungue.

Hatua ya 7. Kata, paka chumvi, kausha, kaanga hadi ngozi iwe ya dhahabu. Pembeni kaanga kitunguu, poro, seleri, tomati na pilipili, kisha rudisha tofu ndani ya mchuzi dakika 10.

Maswali ya wanakikundi

*Mama wa Kadutu:* Dada, yangu haikuganda, imebaki maji meupe tu.
Pole, mama. Maziwa yalikuwa yamepoa, au ndimu zilikuwa kavu. Rudisha motoni hadi karibu kuchemka, epua, ongeza vijiko 2 vya ndimu, funika. Ikiwa uliweka maji mengi kupita lita 4, utapata kidogo sana.

*Kaka wa Lubumbashi:* Siki inafaa?
Inafaa, kwa kipimo kilekile, ila isuuze zaidi. Na kwa bukari yenu (bugali) italika vizuri sana.

*Mama wa Bagira:* Machicha nawapa kuku?
Kuku watafurahi, lakini yapike kwanza, ni mabichi bado. Mimi nayachanganya na unga wa ngano, yai, kitunguu na chumvi, nakaanga buleti (viduara vidogo). Watoto wangu wanazipenda kuliko tofu yenyewe.

*Dada wa Goma:* Sina friji. Inakaa siku ngapi?
Ile siku ile ile, dada. Ukiikaanga vizuri jioni, asubuhi ichemshe tena kwenye mchuzi uimalize. Kwenye friji, ndani ya maji yanayobadilishwa kila siku, siku 3 au 4.

*Mama kijana:* Mtoto wangu ana miezi 5. Naweza kumpa hayo maziwa?
Hapana, mwanangu. Umpe titi. Maziwa ya soya ya nyumbani hayachukui nafasi ya titi kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

*Mama wa Nguba:* Mama mkwe anasema ni chakula cha kigeni, hatakigusa.
Msalimie sana. Mwambie sambaza (wale samaki wadogo) anazozipenda nazo zililetwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1950. Usimfiche ni kitu gani. Mara ya kwanza ipike pamoja na sambaza kavu kiganja kimoja, mafuta ya mawese, pilipili nzima isiyopasuliwa, na umpakulie wa kwanza, ingali moto.