Mtoto wa mbwa anaharisha haponi: rekebisha kwanza chakula chake

Msimu wa korosho ukikaribia, watu wengi huku kwetu kusini mwa Tanzania huanza kutafuta mbwa. Mkulima wa Tandahimba au Nachingwea anaijua hasara ya ngedere na nguruwe pori, na anajua kwamba shamba la mbali halilindwi na mtu mmoja usiku kucha. Basi anachukua mtoto wa mbwa wa miezi miwili kwa jirani, na wiki haijaisha anaharisha. Wiki ya pili anaharisha. Mwezi unakatika, mbavu zinahesabika, mwenye mbwa anasema huyu ana tumbo bovu tangu kuzaliwa, anamwacha ajitafutie. Hilo la kumwacha ndilo linaloniuma, kwa sababu wengi niliowakuta katika hali hiyo hawakuwa na ugonjwa wa ajabu. Walikuwa na minyoo, na walikuwa wanabadilishiwa chakula kila kukicha.

Mzee mmoja wa Kitangari aliniita nimtazame Jeki, mbwa wake wa miezi minne. Nikamwuliza amekula nini tangu Jumatatu. Jumatatu: ugali wa muhogo na mchuzi wa nazi uliobaki. Kuona anaharisha, Jumanne akampa maziwa ya ng'ombe. Jumatano vichwa vya ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, maana jirani alimwambia mbwa huyo anataka samaki. Alhamisi akamnyima chakula kutwa, jioni akampa uji wa karanga. Mzee alikuwa anahangaika kwa huruma kabisa, na kila alichofanya kilimzidishia mnyama wake shida.

Tumbo la mbwa mchanga huzoea chakula polepole. Vimeng'enya vyake na vijidudu wema wa utumbo hujipanga kulingana na anachokula siku hadi siku, ukibadilisha ghafla hawajui la kufanya, na chakula kinapita nusu kikiwa hakijasagwa. Juu ya hapo, akishaachishwa kunyonya uwezo wake wa kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa hupungua, kwa hiyo maziwa ya ng'ombe peke yake yanatosha kumharisha. Mafuta ya tui ni mazito mno kwake. Ng'onda wana chumvi nyingi.

Kabla hujainjika chungu, mtazame mbwa mwenyewe. Akitapika kila anachokunywa, akitoa choo cha damu chenye harufu kali, akilala tu na kukataa chakula, au fizi zikiwa nyeupe, hilo si jambo la jikoni. Yaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua upesi watoto wa mbwa wasiochanjwa, hasa wa kati ya wiki 6 na miezi 6. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Vuta kidogo ngozi ya juu ya mabega kisha uiachie: ikichelewa kurudi mahali pake, maji yamempungua mwilini. Na mbwa anayeshindwa kumeza, udenda unamtoka na tabia zimebadilika, usimtie mkono mdomoni hata kidogo. Kichaa cha mbwa nacho huja kwa sura hiyo. Mfungie mahali ambapo watoto hawafiki, umwite afisa mifugo.

Asipokuwa na dalili hizo, yaani anacheza, anakula, ila choo ni uji kila siku, anza na minyoo. Watoto wa mbwa wengi huipata kwa mama yao, wengine tangu wakiwa tumboni. Utaratibu mzuri ni dawa kila baada ya wiki mbili tangu akiwa na wiki 2 hadi wiki 8, kisha kila mwezi mpaka afikishe miezi 6, halafu kila miezi mitatu. Kipimo hufuata uzito, na hapo ndipo watu hukosea kwa kukisia. Mizani ya kuning'iniza inayopimia korosho inafaa sana: mtie mbwa kwenye kiroba kichwa kikiwa nje, pima, kisha toa uzito wa kiroba. Nunua dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Usimchome dawa ya minyoo ya ng'ombe, kwa kuwa kipimo chake kwa mbwa mdogo huzidi kirahisi na humharibu mishipa ya fahamu. Dawa za watu za kuzuia kuharisha au za maumivu, kama diklofenaki, nazo usimpe.

Sasa chungu. Chukua kikombe kimoja cha mchele, maji vikombe vinne au vitano, pika mpaka uwe bokoboko. Usitie chumvi, mafuta, nazi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa hata kikiwa kimepikwa. Pembeni chemsha samaki mbichi asiye na mafuta mengi, changu kwa mfano, au kidari cha kuku bila ngozi. Mchambue samaki kwa vidole taratibu, nyuzi baada ya nyuzi, mpaka usisikie mwiba. Changanya sehemu mbili za wali kwa sehemu moja ya samaki. Mbwa wa kilo nne au tano mpe nusu kikombe cha chai kwa mlo, mara nne au tano kwa siku. Kiasi kile kile cha siku nzima kikiletwa kwa mkupuo mmoja jioni, kama tulivyozoea, kitamharisha hata kama kimepikwa vizuri. Kijiko kimoja cha chai cha boga lililochemshwa na kupondwa husaidia kukaza choo. Maji safi yawepo muda wote, na akiharisha sana mnyweshe kidogo kidogo maji yenye chumvichumvi za pakiti zile zile za watoto wanaoharisha (ORS), pakiti moja ikiwa imeyeyushwa katika lita moja kamili.

Usimnyime chakula kutwa nzima. Mbwa mkubwa anaweza kuvumilia. Mdogo hana akiba, sukari ya mwili hushuka akazimia.

Chakula hicho ni cha siku tatu hadi tano, mpaka choo kianze kushikamana. Kisha rudi kwenye chakula cha kila siku kwa muda wa wiki nzima: siku mbili robo ya chakula cha kawaida na robo tatu ya bokoboko, siku mbili nusu kwa nusu, siku mbili robo tatu, ndipo ukamilishe. Choo kikilegea tena, rudi hatua moja nyuma, usirudi mwanzo.

Bokoboko lisiwe chakula cha kudumu, maana halina madini ya kujenga mifupa ya mnyama anayekua. Chakula cha kila siku kinachowezekana kwetu ni ugali wa mahindi au mtama ulioiva vizuri, pamoja na dagaa waliooshwa mchanga na chumvi kisha wakatwangwa wazima na mifupa yao, na yai la kuchemsha ukijaliwa. Ugali wa muhogo unaruhusiwa ikiwa makopa, yaani vipande vya muhogo uliokaushwa, ni makavu, meupe, na ya muhogo mtamu. Hapa nina neno zito kidogo. Tuna desturi ya kumpa mbwa unga uliooza na karanga zilizoota kuvu, kwa sababu mtu hawezi kuzila. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya nafaka, na ini la mbwa ni dhaifu mbele ya sumu hiyo kuliko watu wengi wanavyodhani. Kuichemsha hakuiondoi. Kisichofaa kwako kwa sababu ya kuvu, hakimfai na yeye.

Tazama pia anachokula usipomwona. Kuanzia Juni wakati wa kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho, mashambani, mbwa hulala chini ya mikorosho kisha hujilamba manyoya, na salfa ikiwa nyingi huchafua tumbo. Mfungie nyumbani siku za kupulizia, na umwogeshe akirudi na unga mwilini. Msimu wenyewe ukifika, mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yaliyooza yazolewe kabla hajayazoea. Matumbo mabichi machinjioni asipewe.

Ikiwa umempa dawa ya minyoo, umefuata chungu, na bado choo ni kibovu baada ya wiki tatu, mchukulie kinyesi cha asubuhi hiyo hiyo kwenye kichupa, ukipeleke kwa daktari wa mifugo kipimwe. Wako vijidudu ambao dawa ya kawaida ya minyoo haiwafikii. Kipimo kikiwa safi, jaribu kumpa nyama ya aina moja tu ambayo hajawahi kuila, ya mbuzi kwa mfano, pamoja na wali, kwa wiki mbili au zaidi, na nyumba nzima iwe imekubaliana: hakuna mfupa, hakuna tonge la mtoto, hakuna makombo. Tonge moja linaharibu jaribio lote.

Wapo wanaosita kumshughulikia mbwa kwa ajili ya unajisi. Mbwa wa kulinda shamba na mifugo ameruhusiwa katika Uislamu, na usafi wenyewe unakwenda pamoja na tiba yake: bakuli lake peke yake, lisafishwe kila baada ya mlo, kinyesi kifukiwe siku ile ile mbali na uwanja ambapo watoto huchezea pekupeku. Minyoo yake huwapata na wao.

Jeki tulimpa dawa Ijumaa. Mjukuu wa mzee, anayesoma darasa la tano, alikuwa anaandika kwenye daftari kila jioni: amekula nini, saa ngapi, choo kikoje. Siku ya tano aliandika "kigumu kidogo." Mzee akataka kumfurahisha kwa kichwa cha ng'onda, nikamwomba asubiri, bado tulikuwa kwenye robo ya kwanza ya ugali.