SOMO: Injini ya pikipiki ya theluji kwenye ndege ndogo, hatua kwa hatua (soma kabla ya kuuliza)

Asalam aleikum wana jukwaa. Kila wiki napokea ujumbe uleule: "Fundi, nimepata injini ya pikipiki ya theluji ya Ski-Doo kwenye kontena la spea, yaweza kurusha ndege?" Naandika leo mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia somo hili.

Yaweza. Rotax wa Austria ndio waliokuwa wakiwatengenezea Bombardier wa Kanada injini za Ski-Doo, na ndege nyingi nyepesi za miaka ya 1980 ziliruka kwa injini za ukoo huohuo. Hapa nitazungumzia Rotax 503: tustroki (injini ya mapigo mawili), silinda mbili, sentimita za ujazo 496.7, yapozwa kwa hewa. Ya kabureta moja hutoa nguvu za farasi kama 46, ya kabureta mbili karibu 50. Lakini injini iliyopangwa kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri haishuki Kilindini leo ikapaa kesho. Wengi wananiuliza habari ya nguvu, wakati kinachoua injini hizi ni joto la upande wa ekzosi (bomba la moshi) throto, yaani mlango wa kabureta, ikiwa wazi nusu. Hiyo ni hatua ya 6. Ukiwa na haraka, isome hiyo kwanza.

Jambo jingine: zungumza na KCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya) kabla hujaanza kujenga, si ukishamaliza. Ndege bila usajili na kibali haitoki ardhini, hata kama ni kuruka mita tatu juu ya uwanja.

Hatua ya 1. Ng'oa klachi ya mkanda kwa pula yake (kifaa cha kuivutia nje). Usigonge nyundo: krankshafti hii imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa, na pigo moja laipinda.

Hatua ya 2. Fungua injini yote. Sili za krankshafti, gasketi, ringi na raba za kabureta ziwe mpya, hata kama za zamani "zaonekana sawa". Sili iliyokaa miaka ghalani imekauka, inavuta hewa, na hewa ya wizi hupunguza petroli kwenye mchanganyiko bila wewe kujua. Ukishaifunga, ziba matundu yote, ijaze hewa kwa pampu ya mkono bila kuzidi nusu baa, kisha uisikilize. Presha ikishuka haraka, paka maji ya sabuni utafute inapovujia.

Hatua ya 3. Giaboksi. Injini yafanya kazi kwenye mizunguko 6500 kwa dakika. Propela ya kipenyo cha mita 1.65 ikifungwa moja kwa moja kwenye krankshafti, ncha zake zingekwenda zaidi ya mita 560 kwa sekunde, na sauti yenyewe kwa joto letu huenda kama mita 349. Haifai hata kujaribu. Kwa giaboksi ya Rotax ya aina ya B, ya uwiano wa 2.58 (krankshafti mizunguko 2.58, propela mmoja), ncha hushuka hadi kama mita 218 na propela inafanya kazi yake. Kagua kasha la injini kabla ya kulipa: si kila injini ya theluji ina matundu na ncha ya krankshafti vinavyokubali giaboksi ya ndege. Kumbuka pia giaboksi hugeuza upande wa mzunguko, kwa hivyo propela iagizwe ya upande unaofaa.

Hatua ya 4. Moto. Plagi ni B8ES, mwanya nusu milimita. Injini nyingi za theluji zina plagi moja kwa kila silinda. Za ndege za baadaye zina mbili na mifumo miwili ya moto. Ukiweza kupata vichwa na mfumo wa mbili, chukua.

Hatua ya 5. Feni ya kupozea ibaki kwenye injini pamoja na mkanda wake. Ekzosi ya theluji iache huko ilikotoka, tumia ile iliyopimwa kwa ajili ya ndege, kwani kwenye tustroki urefu wa bomba ni sehemu ya injini. Springi zake zifunge waya wa usalama. Springi ikikatika na propela iko nyuma, utajua ilikokwenda.

Hatua ya 6. Kabureta na mzigo wa propela.

Nimefungua mezani injini kadhaa zilizojamu, na pistoni zina sura moja. Upande wa ekzosi kuna michirizi ya kijivu kutoka juu hadi chini, na aluminiamu imepakwa juu ya ringi hata ringi haichezi tena kwenye mfereji wake. Geuza upande wa pili: safi, alama za mashine ya kiwandani bado zasomeka. Hiyo pistoni haikukosa nguvu. Ilichomwa.

Chanzo ni hiki. Hewa ya nyuzi 30 hapa ina uzito pungufu kwa kama asilimia 17 ukilinganisha na hewa ya nyuzi 20 chini ya sufuri. Kwa jeti (vitundu vya kupimia petroli kwenye kabureta) zilezile za theluji, injini ikifika Mombasa itakuwa na petroli nyingi mno: yakohoa, yatoa moshi, plagi nyeusi. Basi mtu anapunguza jeti kubwa, injini yachangamka, afurahi, na papo hapo ashushe na sindano. Hapo ndipo anapojichimbia. Jeti kubwa hutawala throto ikiwa karibu wazi yote. Kutoka robo hadi robo tatu, anayetawala ni sindano na klipu yake. Na kule katikati ndiko ndege inakokaa muda mwingi, kwenye mwendo wa kawaida na wakati wa kushuka.

Kwa hivyo:

Weka geji ya joto la moshi na ya joto la kichwa kwa KILA silinda, si moja kwa zote mbili. Kihisi cha moshi kikae milimita 100 kutoka kwenye uso wa pistoni. Kwa 503, moshi ukae kati ya nyuzi 460 na 580, na usivuke 650 kamwe. Kichwa kikae 190 hadi 230, mwisho 250. Silinda mbili zikitofautiana zaidi ya nyuzi 25 za moshi, tafuta hewa inapovujia kabla hujagusa jeti.

Panga propela kwanza, kabureta baadaye. Propela yenye pembe ndogo huiacha injini bila mzigo: moshi hupanda joto, kichwa hupoa. Pembe ikizidi, kinyume chake: moshi hushuka, kichwa hupanda. Mtu asiyejua hili hubadilisha jeti kutibu ugonjwa wa propela, na hatapona.

Klipu ikishushwa mfereji mmoja, sindano hupanda na petroli huongezeka. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, andika, ndipo ujaribu tena.

ONYO: usipange kabureta mchana wa kaskazi kisha ukaruka alfajiri ya Julai kwa mipango ileile bila kutazama geji. Hewa ya kusi ya asubuhi ni baridi na nzito zaidi, na mchanganyiko uliokuwa sawa mwezi wa tatu utakosa petroli mwezi wa saba. Ukiwa na shaka, acha petroli izidi kidogo. Plagi chafu husafishwa.

ONYO LA PILI: ukishuka, usifunge throto hadi katikati ukaiacha hapo huku ndege yakimbia. Ama ifunge kabisa ushuke polepole, ama iache na mzigo. Macho yawe kwenye geji ya moshi.

Hatua ya 7. Petroli lita 20, mafuta ya tustroki mililita 400. Pima kwa chombo, si kwa jicho. Chuja. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa itagonga injini hadi itoboe pistoni, kwa hivyo nunua kituo kimoja unachokiamini.

Hatua ya 8. Funga ndege kwa kamba mkiani, kwenye nguzo isiyotikisika, watu na watoto wakae mbali na mzunguko wa propela. Ipashe moto taratibu hata kama jua ni kali, maana pistoni hupata joto haraka kuliko silinda. Kisha pandisha mizunguko kidogo kidogo huku ukiandika geji. Ikishapoa, kaza tena nati za vichwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

———

KijanaWaChaani: Fundi nipe tu namba ya jeti ya Mombasa nikanunue leo.

Fundi (mwandishi): Hatua ya 6. Propela yako siijui, kabureta siijui, geji huna. Nikikupa namba nitakuwa nimekupa pistoni iliyochomeka.

KijanaWaChaani: Geji ni ghali bwana. Mbona mtu wa pikipiki haweki?

Fundi (mwandishi): Pikipiki ikijamu unaegesha kando ya barabara.

BahariniTu: Shukran kwa somo. Swali la mtu wa boti: sisi Bandari ya Kale tuna mafuta ya tustroki ya mashine za boti, mazuri na ya bei nafuu, kopo limeandikwa TC-W3. Yafaa?

Fundi (mwandishi): Swali zuri nahodha, na hapa kwetu ndipo wengi watakapokosea kwa sababu kopo hilo liko kila duka la pwani. TC-W3 yametengenezwa kwa mashine za boti zinazopozwa na maji, joto lake ni dogo. Kwenye silinda inayopozwa kwa hewa hayavumilii, ringi zitaganda. Tafuta kopo lililoandikwa API TC, au JASO FC au FD, kwa wauzaji wa spea za pikipiki na misumeno ya mnyororo. Na usichanganye aina mbili kwenye tangi moja.

Bi_Mtongwe: Asante mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi. Sijaelewa kwa nini kushuka ndiko hatari wakati injini haifanyi kazi kubwa. Nilidhani kupaa ndiko kunakochosha.

Fundi (mwandishi): Dadangu, nilitamani mtu aulize hili. Tazama mambo matatu kwa pamoja.

La kwanza ni tabia ya propela. Nguvu inayodai hufuata kipeo cha tatu cha mizunguko: ukipunguza mizunguko nusu, inadai thumuni tu ya nguvu. Kwenye theluji haikuwa hivyo, klachi ya mkanda ilikuwa ikibadilisha uwiano yenyewe ili injini ikae kwenye mzigo. Kwa hivyo mipango ya katikati ya throto iliyokuja na kabureta ilifikiriwa kwa mzigo mwingine kabisa.

La pili, ndege ikishuka upepo huisukuma propela. Mizunguko yabaki juu ingawa umeshapunguza throto. Mzigo umeondoka, na umeshasoma hapo juu kwamba mzigo ukiondoka moshi hupanda joto.

La tatu ndilo linalomaliza kazi: tustroki haina mafuta yake ya kulainisha. Yanakuja ndani ya petroli. Ukifunga throto umepunguza petroli, na mafuta yamepungua pamoja nayo, huku pistoni bado zinakimbia kasi ileile. Joto juu, mafuta chini. Kwenye kupaa injini inachoka, lakini inakunywa.

Bi_Mtongwe: Sasa nimeelewa. Kwa hiyo hata kwenye mteremko mrefu pikipiki ya tustroki yaweza kujamu?

Fundi (mwandishi): Naam, sababu ni hiyohiyo. Wenye tustroki za zamani walikuwa wakivuta throto kidogo katikati ya mteremko ili mafuta yafike. Uliza wazee.

MjomboKisauni: Giaboksi ya kiwanda bei mbaya. Kuna kijana jua kali Mwembe Tayari atanitengenezea puli na mkanda wa fenibelti.

Fundi (mwandishi): Mafundi wetu nawaheshimu, mimi mwenyewe ni wa jua kali. Lakini tustroki ya silinda mbili hupiga kwa mishtuko, ndiyo maana giaboksi zina kifyonza mshtuko ndani. Mkanda wa feni haukutengenezwa kwa nguvu za farasi 46. Mifumo ya mkanda ya kupunguza mizunguko ipo, lakini huhesabiwa kwa mkanda wa meno, beringi za kuhimili mvuto wa propela na shafti isiyopinda. Kama kijana wako hana hesabu hizo mkononi, usimpe kazi hiyo.

MjomboKisauni: Kwani hesabu ndizo zarusha ndege?

Fundi (mwandishi): Ndiyo.

Seremala_Lamu: Mimi nachonga majahazi. Propela ya mvule?

Fundi (mwandishi): Ami, mkono wako siutilii shaka. Ila propela nzuri ya mbao huwa tabaka zilizogundishwa, si gogo moja, ili isijipinde na unyevu wa pwani. Na kuna kipimo kingine: giaboksi ya B imewekewa kikomo cha inesha ya propela (ugumu wake wa kubadilishwa mwendo wa kuzunguka), kilo-sentimita mraba 3000. Ya C ni 6000. Mbao nzito ikipita hapo, meno ya giaboksi ndiyo yatakayolipa. Kwa ndege ya kwanza nunua ya kurekebishwa pembe ardhini, maana hatua ya 6 itakutaka ubadilishe pembe mara nyingi. Baada ya hapo tuzungumze mbao, nami ningependa sana kuiona kazi yako.

Nyali_Juu: Nikimaliza nataka kupita ufukweni Nyali mpaka Bamburi nipige picha. Ruhusa?

Fundi (mwandishi): Ruhusa waulize KCAA na waongozaji wa uwanja wa ndege wa Moi, anga hiyo ina ndege kubwa. Ushauri wangu mimi: tustroki ruka nayo ukijua yaweza kuzima dakika yoyote. Kila wakati uwe na uwanja wa kutua ambao utaufikia bila injini. Ufuo uliojaa watu si uwanja.

BahariniTu: Narudi tena fundi. Chumvi je? Mashine zetu tukiziacha mwezi zaliwa.

Fundi (mwandishi): Hii ningeiweka kwenye somo. Beringi za krankshafti hazina bafu la mafuta, zinabaki na utando mwembamba tu, na hewa yetu huzitafuna ndani kwa ndani wakati nje injini yang'aa. Ukijua hutaruka kwa wiki kadhaa: ondoa petroli kwenye kabureta, nyunyiza mafuta ya kuhifadhia kwenye mdomo wa kabureta injini ikizunguka hadi itoe moshi mzito, zima, toa plagi utie kidogo kila silinda, zungusha kwa mkono. Ziba ekzosi na kabureta kwa kitambaa chenye mafuta, ufunge utepe mwekundu ili usisahau kukitoa. Ukirudi, zungusha propela polepole plagi zikiwa nje na moto umezimwa, usikilize beringi. Ikikwaruza, fungua.