Kibali cha septiki: anza na udongo kwanza

Jamani kama unajenga na unataka septiki (tenki la maji taka la chini ya ardhi) nyumbani, usikimbilie kununua tenki wala kuita fundi achimbe kabla kibali hakijatoka. Jua kwanza udongo wako unanyonya maji kiasi gani, maana hapo ndo maombi mengi yanakwama. Chimba shimo dogo pale unapotaka maji taka yaishie, lijaze maji uliache lilowane mpaka kesho yake, alafu jaza tena, simamisha rula humo uhesabu dakika ngapi maji yanashuka sentimita moja. Udongo wa mfinyanzi utakaa na hayo maji mpaka uchoke. Kipimo rasmi atakuja kufanya mtaalamu ila angalau utajua pa kumpeleka. Kwenye mchoro wa maombi ya kibali onyesha kisima, hata cha jirani (hiki watu wanakisahau sana), mipaka ya kiwanja, mteremko na idadi ya vyumba vya kulala, sababu ukubwa wa tenki mara nyingi unakadiriwa kwa vyumba, sio vyoo. Na tafadhali usifukie kabla mkaguzi hajaja kuona mabomba, utafukua upya kwa hela yako mwenyewe.