Flopi ya kuwashia kompyuta kuukuu na kusomesha CD

Kompyuta nyingi za katikati ya miaka ya 1990 haziwashwi kwa CD, maana BIOS yake (programu ya mwanzo inayoamka kompyuta ikiwashwa) inaijua flopi na diski kuu basi. Ukitaka kuipakia upya Windows 98, iwe kompyuta ya duka Makoroboi, jijini Mwanza, au ya shule kisiwani Ukerewe, unahitaji flopi yenye DOS (mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta kwa amri za kuandika) pamoja na draiva ya CD, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kiendeshi cha CD. Bila draiva hiyo, DOS haioni CD hata kama kiendeshi chake kinazunguka na taa inawaka.

Tafuta flopi mbili za inchi 3.5, zenye ukubwa wa MB 1.44, na kompyuta nyingine inayotumia Windows 98. Flopi zilizolala dukani kwenye unyevu huu wa ziwani huota ukungu. Sogeza kile kibati cha pembeni utazame kisahani chembamba ndani: ukiona madoadoa meupe, itupe, kwani itachafua kichwa cha kusomea na kuharibu hata flopi nzima utakayoingiza baadaye. Halafu funga kitundu cha kona chenye kifuniko cha kusogeza. Kikiwa wazi, huandiki kitu.

Njia fupi ni Control Panel, Add/Remove Programs, kisha Startup Disk. Flopi hiyo ina draiva za CD tayari, ila hutengeneza diski ya muda ya MB 2 ndani ya kumbukumbu, nayo hujitwalia herufi. CD iliyokuwa D inakuwa E, na mafundi wengi hudhani imepotea. Usihangaike na ile inayotengenezwa na Windows XP; haina draiva za CD.

Mimi napendelea ya kujiundia, kwa sababu herufi unaipanga mwenyewe. Kwenye dirisha la DOS andika:

FORMAT A: /S

Ikimaliza, nakili kwenye flopi HIMEM.SYS na SMARTDRV.EXE kutoka C:\WINDOWS, MSCDEX.EXE, FDISK.EXE na FORMAT.COM kutoka C:\WINDOWS\COMMAND, na OAKCDROM.SYS kutoka C:\WINDOWS\COMMAND\EBD. Kisha andika EDIT A:\CONFIG.SYS na uweke:

DEVICE=HIMEM.SYS /TESTMEM:OFF
DOS=HIGH
FILES=30
LASTDRIVE=Z
DEVICE=OAKCDROM.SYS /D:CD001

Na kwenye A:\AUTOEXEC.BAT:

@ECHO OFF
MSCDEX.EXE /D:CD001 /L:R
SMARTDRV.EXE

MSCDEX ndiyo huipa CD herufi, hivyo CD itakuwa R daima, hata ukigawa diski kuu mara ngapi. SMARTDRV, inayoharakisha usomaji, ije baada ya MSCDEX, la sivyo haitaihudumia CD, na kunakili mafaili kutakuwa kwa kukokota.

Jina CD001 ni la kubuni, lakini lazima lifanane herufi kwa herufi kwenye mafaili yote mawili. Ukikosea hata sifuri moja, MSCDEX italalamika kuwa haijapata draiva. Malalamiko hayohayo hutokea pia OAKCDROM isipokiona kiendeshi chenyewe, kwa hiyo soma skrini kuanzia juu: OAKCDROM hutaja kwanza ilichokipata. Ikisema hakuna, zima, chomoa umeme, ukague kebo bapa na jampa (kiplagi kidogo kinachopanga kifaa kuwa master, yaani cha kwanza, au slave, cha pili). Vifaa viwili kwenye kebo moja vyote vikiwa master, mara nyingi hupotea vyote.

Taa ya flopi ikiwaka bila kuzimika, kebo yake imegeuzwa. Ukiona "Incorrect DOS version", umechanganya mafaili ya Windows mbili tofauti. Yatoe yote kwenye kompyuta moja.

Kwenye BIOS, weka A (flopi) mbele ya C (diski kuu). Mpangilio ukijifuta kila ukizima, badilisha betri ya CR2032.

Tengeneza nakala ya pili, uwashe kompyuta kwa zote mbili kabla hujapanda kivuko cha kwenda Nansio, Ukerewe. Kiendeshi kilichochomekwa kwenye kadi ya sauti, kama vile baadhi ya vya zamani vya Mitsumi na Panasonic, hakitambuliwi na OAKCDROM. Hicho kina draiva yake. Weka hiyo badala ya OAKCDROM.SYS kwenye mstari uleule wa CONFIG.SYS, na CD001 iache ilivyo.