Kumchora kijana aliyezama mawazoni kwa rangi za mafuta

Mwanafunzi wangu alikuwa akimchora kaka yake, na uso ukawa unazidi kupauka kama umepakwa majivu. Kila akitaka mwanga, anaongeza nyeupe. Hizi ndizo hatua tulizofuata kuuokoa.

1. Mwanga. Dirisha moja, taa zote zizimwe. Vitabu vya Ulaya vinasisitiza dirisha la kaskazini kwa sababu kwao jua haliingii upande huo. Dar es Salaam, Juni jua liko kaskazini na Desemba liko kusini, kwa hiyo Juni mkalishe penye dirisha la kusini, Desemba geuza. Asikutazame. Kijana mwenye glavu wa Titian, mchoraji wa Italia, aliyechorwa mnamo 1520 na sasa yuko Louvre, jumba la makumbusho la Paris, anaangalia pembeni. Nguo zake nyeusi zimemezwa na giza, yamebaki uso, shati na mikono. Hakukunja uso hata kidogo, lakini unaona ana jambo moyoni.

2. Mchoro. Mkaa. Pangusa vumbi, endelea.

3. Vivuli. Amba ya kuchomwa (kahawia iliyokolea) iliyozimuliwa kwa tapentaini. Vivuli vya jicho, pua na shavu viunganishe viwe kimoja.

4. Ngozi. Hapa ndipo watu wanapokwama. Nyeusi ya tyubu kwangu marufuku: changanya amba na buluu ya ultramarini, utapata giza lenye uhai. Sehemu za kati, baina ya mwanga na kivuli, ni siena ya kuchomwa (kahawia yenye wekundu) na buluu kidogo. Ukitaka kung'arisha, anza na oka (manjano ya udongo) na nyekundu, siyo nyeupe. Nyeupe ya titani hupoza rangi na kuipausha. Iweke mwisho, kwenye paji na ncha ya pua tu, tena ikiwa na chembe ya buluu, maana pale ngozi inaakisi anga la dirishani. Ukitumia balbu ya manjano badala ya dirisha, buluu hiyo isahau. Masikio na midomo yataka joto zaidi. Kisha fumba macho nusu: ngozi ikishindana na shati jeupe kwa mwanga, umezidisha.

Jambo jingine: amba ikikauka hufifia, ukadhani umekosea. Usiongeze rangi! Paka mafuta ya kitani kidogo sana kwa kitambaa, futa, na rangi halisi itarudi. Ukifuta ukaona bado imepauka, hapo rekebisha. (Kitambaa hicho kiloweke majini kabla ya kukitupa, kikikunjwa na mafuta yake kinaweza kuwaka chenyewe.)

5. Kingo. Pembe za mdomo zilainishe kwa brashi kavu. Ukizichora kwa mstari mkali, kijana ataonekana amenuna. Weupe wa jicho uwe kijivu.

6. Vanishi. Subiri angalau miezi sita.