Maji, chumvi na sukari kwa anayeshinda baharini: somo la vipimo

Tangu Kenya ipige marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, mawindo yaliyobaki kwa watu wa Mombasa ni ya baharini: jodari na nguru nje ya mwamba, changu na tewa kwa mshipi, na pweza kwa mkuki maji yakipwa. Safari hizi zinafanana na zile za nyikani kwa jambo moja, nalo ni kwamba mtu hushinda juani akifanya kazi nzito mahali pasipo na maji ya kunywa. Somo hili linaeleza namna ya kuandaa kinywaji cha safari, kiasi cha kunywa na wakati wa kunywa. Msimamo wangu niuseme mapema: wengi wetu hatudhuriki kwa uchache wa maji tunayobeba, bali kwa kupima kwa ulimi na kwa kiu, na vyote viwili hudanganya, hasa katika mji ambao maji ya visima vyake vingi yana chumvi tangu yanapotoka ardhini.

Jasho si maji matupu. Lita moja ya jasho hubeba takriban nusu gramu hadi gramu mbili za sodiamu, ile iliyomo ndani ya chumvi, kutegemea mtu mwenyewe na jinsi alivyozoea joto, pamoja na kloridi na potasiamu kidogo. Madini haya ndiyo yanayoitwa elektroliti, na bila hayo mishipa ya fahamu na misuli haiwezi kufanya kazi. Wakati wa kaskazi, hususan mwezi wa Februari na Machi, hewa ya kwetu huwa na unyevu mwingi hata jasho likatiririka badala ya kukauka. Na kwa kuwa jasho lisilokauka halipozi mwili, mwili hauna la kufanya ila kuzidi kulitoa. Mpiga kasia au mvuta nyavu anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Baadhi ya watu hutoa jasho lenye chumvi nyingi kuliko wengine, na hujulikana kwa michirizi myeupe inayobaki kwenye fulana, ingawa kipimo hicho kifanyike nchi kavu, kwani chomboni huwezi kujua chumvi ipi ni yako na ipi ni ya mawimbi.

Hatua ya kwanza: chagua maji

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinasimama juu yake. Tumia maji ya bomba yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini, au maji ya chupa. Usitumie maji ya kisima yenye ladha ya chumvi kuchanganyia kinywaji hiki, hata kama nyumbani mnayapikia na kuyaogea bila shida. Maji hayo tayari yana chumvi usiyoijua kipimo chake. Ukiongeza ya kwako unapata kinywaji kikali kuliko ulivyokusudia, na aliyezoea maji hayo tangu utotoni huenda asihisi tofauti kabisa mdomoni. Maji ya mkokoteni nayo yaulizwe yametoka wapi kabla ya kununuliwa, kwani mtungi wa maji ya bomba na mtungi wa maji ya kisima hauna alama, na mji wetu umewahi kuonja kipindupindu zaidi ya mara moja.

Hatua ya pili: pima na uchanganye

Kwa mtu mzima mwenye afya anayetokwa na jasho tu, lita moja ya maji inatosha kutiwa robo kijiko cha chai cha chumvi ya kawaida na vijiko sita vya chai vya sukari. Kijiko kisawazishwe kwa mgongo wa kisu. Kijiko kilichojaa kama kichuguu kinaweza kubeba karibu maradufu ya kilichosawazishwa. Chumvi iwe laini, ile ya pakiti, maana punje za chumvi ya mawe huacha nafasi katikati na kipimo cha kijiko hupotea. Kamua ndimu, au tumia maji ya ukwaju yaliyochujwa, ambayo huongeza potasiamu kidogo na kuondoa ule utamu unaokinaisha jua likiwa la utosi.

Sukari haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Katika utumbo mwembamba, sodiamu ya chumvi na glukosi, ambayo ni sehemu ya sukari, huingia pamoja kupitia mlango mmoja, na maji huzifuata. Ndiyo maana kinywaji chenye vyote viwili hunyonywa haraka. Kuzidisha sukari, hata hivyo, huleta kinyume chake, kwani maji huvutwa kuingia tumboni na mtu huanza kuharisha.

Kinywaji hiki kisidhaniwe kuwa ndicho ORS ya dukani, yaani ule unga wa pakiti wa chumvi na sukari unaokorogwa kwa maji. Fomula ya ORS iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 2002 ina gramu 2.6 za chumvi, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti kwa kila lita. Hiyo ni dawa ya anayeharisha au kutapika, ina chumvi nyingi kuliko mahitaji ya mtu anayetokwa na jasho tu, na ladha yake huonyesha hivyo. Beba pakiti mbili tatu ndani ya mfuko usioingiza maji kwa ajili ya dharura, na usome maandishi, kwa kuwa madukani kuna pakiti za nusu lita na za lita moja.

Hatua ya tatu: vyombo

Beba maji matupu na kinywaji cha chumvi katika vyombo tofauti, kwa kiasi kinachokaribiana. Mtungi uliowahi kuwekwa petroli ya mashine au mafuta ya taa usitumike hata ukioshwa kwa sabuni mara ngapi. Mtungi wa maji ufunike kwa gunia lililoloweshwa na uuweke kivulini mwa tanga. Upepo wa baharini utayapoza maji.

Hatua ya nne: kabla ya kushuka pwani

Kunywa nusu lita saa mbili kabla ya kuondoka, ili ziada itoke ukiwa bado nyumbani. Kula. Mahamri na mbaazi za nazi, au muhogo na samaki wa kukaanga, vina chumvi na potasiamu ambavyo vitakutosha kwa saa moja au mbili za mwanzo ukinywa maji matupu. Anayeondoka na kikombe kimoja cha kahawa chungu tumboni anaanza safari akiwa na deni.

Hatua ya tano: ukiwa kazini

Kipimo kinachokubalika kwa kazi ya joto ni kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20, na isizidi lita moja na nusu kwa saa moja. Wakati wa kupiga kasia au kuvuta nyavu fuata kipimo hicho. Wakati wa kukaa na kungoja mshipi uvutwe, nusu yake inatosha. Baada ya saa mbili anza kupokezana: kikombe cha maji matupu, kisha kikombe cha kinywaji. Angalia mkojo wako, ikibidi ndani ya chupa iliyokatwa. Ukiwa na rangi ya manjano hafifu uko salama. Ukifanana na chai ya rangi umechelewa.

Lipo kosa la upande wa pili ambalo halizungumzwi sana. Anayekunywa maji matupu kwa wingi kupita anayoyatoa huipunguza nguvu sodiamu ya damu, naye huumwa kichwa, huhisi kichefuchefu, huvimba vidole na huweza kuchanganyikiwa. Wenzake humdhania ana kiu na kumwongezea maji. Ukiona dalili hizo kwa mtu aliyekuwa akinywa sana na kukojoa mkojo mweupe, msimamishieni maji na mrudi pwani apelekwe hospitali.

Joto lenyewe likimpanda mtu, akaanza kusema yasiyoeleweka au kuyumba na mwili wake ukawaka moto, hiyo ni dharura inayoweza kuua, na joto la mwili huwa limefikia nyuzi 40 au zaidi. Mlazeni kivulini, mmwagieni maji ya bahari mwili mzima bila kukoma na kumpepea, na msimnyweshe kitu akiwa hana fahamu timamu. Hapo bahari ina faida kubwa. Tusiidharau kwa kuwa hainyweki.

Hatua ya sita: ukirudi

Mwenye mizani ajipime kabla na baada ya safari akiwa na nguo kavu. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji, na hulipwa kwa lita moja na nusu pamoja na chakula chenye chumvi, kidogo kidogo hadi usiku. Uzito ukiwa umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi. Kinywaji kilichobaki kimwagwe, kisihifadhiwe hadi kesho.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mji wa Kale: Shikamoo mwalimu. Sisi wazee wetu walibeba madafu, na hatukusikia habari za vijiko. Je, dafu halitoshi?

Marahaba, mwanangu. Dafu ni kinywaji kizuri, safi ndani ya kifuu chake, na lina potasiamu nyingi. Upungufu wake ni sodiamu, ambayo ndiyo jasho linaloipoteza zaidi. Wazee walikunywa madafu huku wakila papa mkavu na ng'onda, na chumvi ilipatikana humo. Ukibeba madafu, fuata pia upande wa chakula.

Mwanachama wa Bamburi: Assalamu aleikum. Nina presha na natumia vidonge vinavyonipeleka msalani mara kwa mara. Kaka yangu ana kisukari. Tufuate kipimo hiki?

Waaleikumu salaam. Hapana, si kabla ya kuzungumza na daktari wenu. Vidonge hivyo hutoa maji na chumvi mwilini, na jua huongeza juu yake, kwa hiyo huenda kipimo cha vidonge kikahitaji kurekebishwa msimu wa joto, lakini msikirekebishe wenyewe. Mgonjwa wa figo naye yumo humu, na kwake hata ndizi na dafu ni vya kuuliza kwanza, kwa sababu ya potasiamu.

Mwanachama wa Mtwapa: Maji ya bahari yana chumvi ya bure. Kwa nini nisichanganye kidogo na maji matamu?

Lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, kwa hiyo kwa hesabu vijiko vichache vya chakula vingefikisha kipimo. Kinachokataza ni uchafu: mikono ya bahari inayozunguka mji hupokea maji taka, na chomboni hakuna atakayepima kwa kijiko. Na mtu asije akafikiri kwamba akiishiwa anaweza kunywa ya bahari yenyewe. Figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kuliko maji hayo, kwa hiyo mwili hutumia maji yake kuiondoa, na mnywaji huzidi kukauka.

Mwanachama wa Kongowea: Na Ramadhani?

Gawanya maji kati ya futari na daku badala ya kunywa lita mbili kwa mkupuo dakika za mwisho, ambazo nyingi zitatoka kabla ya adhuhuri. Tende na mchuzi vitakurudishia madini. Ukiweza, hamishia uvuvi usiku. Habari ya ruhusa ya kufungua kwa aliyezidiwa ni ya sheikh wako. Kwangu mimi, dalili za joto nilizozitaja hazingojei magharibi.

Mwanachama wa Likoni: Mimi ni mama, natafuta pweza mwambani. Wanawake tunajinyima maji makusudi, kwa sababu hakuna pa kujisitiri mpaka bahari ijae turudi. Tufanyeje?

Ahsante, mama, kwa kulisema. Ile nusu lita ya kabla ya safari inyweni mapema zaidi, saa tatu kabla ya maji kupwa, mwende msalani kisha mtoke. Mwambani msinywe kikombe kizima kwa mara moja, bali mafunda mawili matatu kila mara, na yawe ya kinywaji cha chumvi, kwa kuwa mwili huyashika zaidi kuliko maji matupu na hayaleti haja haraka. Nendeni wawili au watatu mkiwa na leso moja ya ziada ya kuzungushia mmoja wenu panapobidi. Siku za bamvua, ambazo mwamba hubaki wazi kwa muda mrefu na mchana, kila mmoja abebe angalau lita moja kifuani au mgongoni, si kwenye kapu la pweza.